Sababu ya Gari Kuuzwa

Kaka yangu Sourou aliishi kwa kuuza magari ya watu, na gari lake mwenyewe tumeliuza sisi, baada ya misa ya kumwombea. Hakuwepo kutuambia tuanzie wapi. Ninaandika haya ili wanawe wakikua wajue baba yao alikuwa dalali wa namna gani, na kwa nini gari lile walilolipenda liliondoka nyumbani kwa jinsi lilivyoondoka.

Kazi ya udalali wa magari haina heshima kubwa hapa kwetu Kotonu. Mzazi akisema binti yake amechumbiwa na dalali, majirani humuuliza kama hakukuwa na mwingine. Siwalaumu. Ukishuka tu kwenye pikipiki mbele ya yadi, vijana wanakudaka, huyu anavuta mkono, yule anavuta begi, na kila mmoja anaapa kwa mama yake mzazi kwamba gari lake limeshuka melini jana. Magari yenyewe yametoka Ulaya yakiwa yamechoka, yamejazwa magodoro na majokofu hadi darini. Yakishaondolewa mizigo hupangwa kwenye mchanga, yakipigwa jua na chumvi ya bahari, kungoja wateja kutoka Nigeria, kutoka Niger, na sisi wenyewe.

Sourou alianza kwa kuyaosha. Gari la kwanza alilolinunua ili aliuze kwa faida lilimfundisha kazi kuliko mtu yeyote. Lilikuwa linang'aa, na ndani lilinukia manukato. Mvua kubwa za Juni zilikuwa zimepita, na yadi ile iko ukingoni mwa bwawa, lakini hakuyaunganisha hayo mawili. Alilinunua mchana, injini ikiwa tayari inanguruma, kutoka kwa mtu aliyekuwa anamwita ndugu yangu, ndugu yangu. Haukupita muda taa zikaanza kuwaka na kuzima zenyewe. Alipofunua zulia chini ya kiti akakuta tope lililokauka na kupasukapasuka. Gari lilikuwa limelala majini.

Mama yetu, aliyekuwa hai wakati ule, alimwambia alipeleke upande wa kaskazini ambako hakuna atakayejua. Sourou alikataa. Alilifungua akaliuza kipande kimoja kimoja, mlango kwa huyu, kioo kwa yule, na kila aliyekuja alimwambia: hili lilizama, chukua mlango, nyaya usiguse. Ilimchukua miezi mingi. Mama alisema amemzaa padre kwa bahati mbaya akaishia yadi.

Baada ya hapo alijitengenezea namna yake ya kufanya kazi. Kwetu, mfanyabiashara hapendi mteja wa kwanza wa siku aondoke mikono mitupu. Awe anauza nyanya au anauza lori, huyo ndiye anayeifungua siku, na akiondoka bila kununua, siku nzima inakuwa nzito. Watu wengi huwahi asubuhi ili wapunguziwe bei. Sourou naye aliwahi, lakini si kwa ajili ya bei tu. Alifika kabla wauzaji hawajayawasha magari yao, akaweka kiganja juu ya boneti. Likiwa baridi, aliomba liwashwe mbele yake, akasikiliza linavyoamka. Likiwa la moto saa ile, alimshukuru mwenye gari akaenda zake. Alisema gari zima haliamshwi kwa siri.

Aliangalia pedali kabla ya kuangalia mita ya kilomita. Mita inarudishwa nyuma na fundi yeyote mwenye njaa, lakini mpira wa pedali ukishalika haurudi. Gari lenye kilomita chache na pedali zilizolika lilimfanya atabasamu. Alinusa mazulia. Alipitisha kidole kwenye nati za milango kuona kama zimewahi kufunguliwa. Na akishamaliza hayo yote aliuliza swali lake moja: kwa nini linauzwa?

Hilo ndilo alilolishikilia maisha yake yote. Alisema hakuna mtu anayeachana na gari bila sababu, na mnunuzi mwenye akili huinunua kwanza hiyo sababu, halafu gari. Mwenye nalo amepata mtoto mwingine na hawaenei tena: sababu nzuri. Amehama nchi: inawezekana, uliza zaidi. Anakwepa swali na kuanza kusifia redio: ondoka.

Akiwa yeye ndiye anayeuza, alianza na ubovu. Alitaja kila kilichoharibika kabla mteja hajafungua mlango. Alhaji mmoja wa kutoka Niger alimuuliza siku moja, "Sourou, wewe unaniuzia au unanifukuza?"

"Ninakufukuza leo, Alhaji, ili mwakani usinijie na askari."

Alhaji alicheka, akanunua, na mwaka uliofuata alirudi na shemeji zake. Lakini si wote walikuwa kama Alhaji. Wengi walisikia ubovu tu, wakaenda kununua kwa jirani aliyewaambia gari halina hata doa. Ndiyo maana Sourou hakutajirika. Madalali wenzake walijenga nyumba za ghorofa, yeye alikuwa anasafiri kwa pikipiki za abiria, akiwatafutia watu wengine magari.

Mpaka lilipokuja gari la kijivu.

Lilikuja kutoka Ufaransa, dogo, la milango minne, likafikia katika yadi ya Mlebanoni mmoja aitwaye Nassif. Walipotoa mizigo iliyokuwa imeshindiliwa ndani, Tossou, dalali mwenzake Sourou na rafiki yake wa tangu ujana, alikuta kwenye buti fimbo ya kutembelea ya mzee, na chini ya fimbo utepe mpana wa zambarau wenye maandishi ya dhahabu. Ulikuwa utepe wa shada la maua ya mazishi. Umeandikwa: Kwa Babu. Tossou aliutupa mchangani kama mtu aliyeshika nyoka.

Habari ikaenea yadi nzima kabla ya chakula cha mchana. Gari la maiti. Wateja waliliona zuri, wakanong'onezwa, wakarudi nyuma. Mvua zilikuja zikaisha, nalo limesogezwa pembeni karibu na ukuta, majani yanaota kati ya magurudumu. Nassif akawa analiona ni mkosi kwa yadi yake.

Asubuhi moja Sourou alikwenda akaweka kiganja kwenye boneti. Akalikagua kuanzia taa za mbele hadi bomba la moshi. Pedali zilikuwa karibu mpya. Kwenye kiti cha dereva kulikuwa na mto mdogo umefungwa kwa kamba, na kwenye mfuko wa mlango kiboksi cha vidonge chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya juma. Hakuna nati iliyokuwa imeguswa. Tossou alimfuata nyuma akimwambia aache.

"Utakuwa unaendesha, naye amekaa kiti cha nyuma."

"Akae," alisema Sourou. "Mzee wa watu. Nikipotea nitamuuliza njia."

"Usicheze na mambo haya, Sourou."

"Sichezi. Hebu niambie, katika yadi hii nzima, kuna gari gani unalojua kwa nini liliuzwa?" Tossou aliangaza macho kwenye safu za magari. "Mimi ninajua moja tu. Hili. Halikuuzwa kwa sababu limechoka. Liliuzwa kwa sababu mwenyewe alichoka."

Akalinunua, kwa bei ambayo Nassif aliikubali bila kuketi.

Ule utepe na fimbo, vilivyokuwa vimerudishwa kwenye buti, hakuvitupa; aliviweka nyumbani. Siku ya Jumapili alikwenda navyo parokiani, akaomba misa kwa ajili ya mzee ambaye hakujua jina lake. Padre alimuuliza nia ya misa aiandike vipi. Sourou akasema andika kama walivyoandika wenyewe, Kwa Babu. Tangu hapo kila mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu wote, nia hiyo ilisomwa katika kanisa letu, na watu waliokuwa wageni walidhani ni babu yetu. Wanawe nao wakaliita gari hilo Babu. Babu yuko wapi? Babu ameenda sokoni. Babu anaoshwa.

Babu alitupeleka mahali pengi. Alinipeleka mimi hospitali usiku wa uchungu wa mwanangu wa mwisho, alimleta mama yetu kutoka Ouidah alipozeeka, na kaka yangu figo zilipoanza kumsumbua, ndiye aliyempeleka hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu na kumrudisha, juma baada ya juma, kwanza akiendesha mwenyewe, baadaye nikiendesha mimi naye ameegemea dirisha. Hata katika hali ile alikuwa anasikiliza injini. Alikuwa anasema, Fifamè, gia ya pili usiilazimishe ikiwa baridi, isubiri kidogo.

Alifia nyumbani, kitandani kwake, asubuhi, mkewe Houéfa akimkanda miguu. Bwana ampe pumziko la milele na mwanga wa milele umwangazie.

Baada ya mazishi, yalibaki mambo ambayo kilio hakiyaondoi. Houéfa ana watoto watatu. Kuna rafiki yake anayeuza samaki wa barafu sokoni, ambaye alikuwa anahamia Parakou kumfuata mumewe, na akamwahidi Houéfa sehemu yake ya kuuzia, yenye umeme na wateja waliokwisha kupazoea. Kilichohitajika ni jokofu kubwa na mtaji wa katoni za mwanzo. Rafiki huyo alikuwa na moyo mzuri lakini tarehe ya kuhama ilikuwa imeshapangwa, na kulikuwa na mwanamke mwingine anayeitaka sehemu hiyo. Kitu pekee chenye thamani ndani ya nyumba kilikuwa gari. Babu alipaswa kugeuka jokofu, tena haraka.

Mtu wa kwanza alikuja nyumbani, akalipenda, akatoka nje kuzungumza kwa simu. Jirani akamweleza habari ya gari la maiti. Hakurudi hata kuaga. Wa pili aliona kitambaa cheusi mlangoni, akauliza ni nani, alipoambiwa ni mwenye gari akasema kumbe amekuja nyumba siyo.

Ndipo Tossou alipotuita. Alikuwa amelia kwa kaka yangu kuliko baadhi ya ndugu zetu, na alitaka kutusaidia kwa njia anayoijua. Alisema gari liondoke pale nyumbani, liende yadi. Rozari itolewe kwenye kioo, na ule mto wa kwenye kiti. Wakiuliza, mwenye gari amehamia Gaboni kikazi, ametuachia tuliuze. Nami, kwa kuwa Houéfa yuko ndani ya eda yake na hawezi kwenda yadini, nitasimama kama dada mtu, nivae kitenge cha maua, nivue nyeusi.

Nilisema Sourou asingelifanya hivyo. Tossou alisema Sourou hayupo, na huko kutokuwepo ndiko kulikofanya gari lisiuzike.

Houéfa alikuwa anachambua mahindi. Hakuinua uso. "Wifi," aliniambia, "huo ukweli wako utawalisha wanangu?"

Nililala na swali lile, na nilipoamka nilisali, nikamwambia Mungu kwamba kama ni dhambi basi aihesabu kwangu, asiihesabu kwa mjane. Nikavaa kitenge cha maua.

Yule mtu aliyekuja siku ile aliitwa Théophile, fundi wa kuchomelea kutoka Bohicon. Alikuja mapema, yadi bado inafagiliwa, na jambo la kwanza alilolifanya ni kuweka kiganja juu ya boneti. Nilipoona mkono ule pale niliona mkono wa kaka yangu. Likawashwa, likaamka mara moja. Alivua shati, akatandika gunia, akaingia chini ya gari na tochi, akakaa huko muda mrefu akigonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole. Alipotoka alikuwa na mchanga masikioni na furaha usoni.

"Hakuna mahali pamechomelewa," alisema. "Kazi yangu ni hiyo, pakichomelewa ninapajua hata pakipakwa rangi mara kumi. Sasa mwenyewe analiuzia nini?"

"Yuko Gaboni," Tossou alidakia. "Kampuni za mafuta. Wanampa gari jipya huko, hili la nini?"

Théophile alinigeukia mimi. Hakuwa ananitega. Alikuwa mtu mwenye adabu anayetaka kumtaja mwenye mali kwa heshima. "Ni kaka yako, dada? Huko aliko anaendeleaje?"

Kama angeuliza kitu kingine labda ningeweza. Angeuliza bei, angeuliza oili. Lakini kuulizwa kaka yangu anaendeleaje, wakati nimemwosha mwili kwa mikono hii.

"Kaka yangu amefariki," nikasema. "Tumemzika juzijuzi. Gari ni la marehemu."

Kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, yakatoka yote. Nikamwambia gia ya pili ni ngumu asubuhi. Nikamwambia mvua ikipiga kutoka upande wa kulia maji yanaingia mlango wa nyuma. Nikamwambia na aliyekuwa nalo kabla ya kaka yangu, huko Ulaya, naye alikuwa mzee na naye alifariki, na kwamba utepe wa mazishi yake uko nyumbani kwetu hadi leo.

Tossou alikaa juu ya tairi akashika kichwa. "Umemaliza," aliniuliza, "au kuna maiti mwingine umemsahau?"

Théophile alikuwa ameondoa mkono wake kwenye boneti. Aliuondoa taratibu, hakutaka kunikwaza. Alinipa pole, pole ya kweli, akavaa shati, akasema atakwenda kufikiri, tutaonana. Katika yadi, mtu akisema tutaonana, maana yake mmeshaonana.

Tossou hakunisemesha tena. Alikuwa amempoteza mteja wa kwanza wa siku, na kila aliyeingia baadaye alimtazama kwa macho ya mtu anayejua haitakuwa kitu.

Nilirudi nikamweleza Houéfa. Sikujitetea. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kaka yako angesema hivyohivyo." Nikadhani amenisamehe. Kisha akaongeza, "Ndiyo maana amekufa na gari moja tu." Akaingia ndani akafunga mlango, na nje tuliwasikia watoto wanacheza. Sehemu ile sokoni ilibakiwa na siku chache. Nilipiga magoti nikabaki nimeshika rozari ya kaka yangu tu, ile tuliyoitoa kwenye kioo.

Siku ya tatu Tossou alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ngeni. "Njoo," alisema. "Yule fundi wako amerudi, na amekuja na mama yake. Mama hataki kuongea na mimi. Anataka yule mwanamke anayeharibu biashara."

Safari hii nilikwenda na nguo zangu nyeusi.

Mama yake Théophile alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, amevaa kitambaa kizuri cha sikukuu. Ni yeye aliyehitaji gari, nilikuja kujua, kwa sababu miguu yake haiwezi tena pikipiki, na mwanawe alikuwa ameapa kwamba hatampandisha tena. Alikuwa ameketi kiti cha nyuma cha Babu, mlango wazi, miguu inaning'inia nje. Nilimsalimu nikiwa nimepiga goti kama inavyompasa mtu wa umri wake. Aliangalia nguo zangu.

"Kumbe ndiwe," alisema. "Mwanangu ameniambia kuna gari muuzaji wake analisema vibaya. Nina miaka mingi, sijawahi kuona. Nikasema nipelekwe nikaone."

"Samahani, mama."

"Unaniomba samahani ya nini? Keti." Nikaketi pembeni yake. "Kaka yako aliumwa nini?"

"Figo, mama."

"Alifia humu ndani?"

"Hapana, mama. Humu alipelekwa hospitali na kurudishwa. Alifia nyumbani, kitandani kwake, mkewe akiwa amemshika."

"Na yule mzungu?"

Nilimwambia yule sikumwona, na sitaki kusema nisichokijua. Nikamweleza tulichokikuta: fimbo, mto, kiboksi cha vidonge. Nikamwambia kaka yangu alikagua kila nati na hakuona kwamba gari limewahi kugongwa.

"Halijagongwa, mama," Théophile alisema kutoka nje. "Nimelala chini yake. Hilo ninaapa mwenyewe."

Mama alitikisa kichwa polepole, akihesabu mambo yake. Tossou alikuwa amesimama mbali kidogo akijifanya anafuta kioo cha gari jingine.

"Baba yake huyu," mama alisema, akimwonyesha Théophile kwa kidevu, "alifia barabarani, pale njia ya kwenda Dassa. Gari alilokufa nalo lilikuwa jipya. Jipya kabisa, viti bado vina nailoni. Hakuna aliyewahi kufa ndani yake, tulikuwa sisi wa kwanza." Akanyoosha kitambaa chake magotini. "Na hawa wawili wa kwenu, wote walizeeka, au waliugua, wakafia kitandani?"

"Kaka yangu ndiyo, mama. Yule mzee, kwa vitu vyake, naamini hivyo."

"Basi hili ni gari la watu wanaofia kitandani." Akapiga kiti kwa kiganja, kama mtu anayepima godoro. "Ndilo ninalolitaka kwa mwanangu."

Théophile aliangalia chini. Mimi nililia, na mama aliniacha nilie, kisha akaniuliza kama hapa kuna maji ya kunywa au ni magari tu.

Maji yalipoletwa hakuyanywa yote. Aliinama nje ya mlango akamimina kidogo mchangani, akawasemesha marehemu. Alimwita Sourou kwa jina lake, akamwambia, baba, tunachukua kitu chako, hatukuiba, dada yako yupo hapa na ametuambia hadi maji yanakoingilia. Kuhusu mzee wa Ulaya, kwa kuwa hatukujua jina lake, aliniuliza watoto wetu wanaliitaje gari. Nikamwambia. Akamimina tena, akasema, na wewe Babu. Kanisani hatufundishwi kumimina maji. Nilifanya ishara ya msalaba, na hadi leo sijui kama niliifanya kuyapinga yale maji au kuyasindikiza.

Kisha mama akafuta mikono, akamwita Tossou aje waongee bei, na hapo tukaona mwanamke mwingine kabisa.

"Marehemu wawili," alisema, "hawapunguzi kitu?"

"Mama, si umesema sasa hivi ndio sifa ya gari?" Tossou alisema.

"Sifa nimeileta mimi. Wewe ulikuwa unauza Gaboni."

Tossou alishindwa, akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza nimwone akicheka tangu msiba. Walivutana hadi jua likawa kali. Bei waliyoifikia ilikuwa chini ya ile aliyoitaka Tossou, lakini ilitosha jokofu kubwa na katoni za mwanzo, na Tossou alipoulizwa fungu lake la udalali alisema alishalipwa na Sourou zamani.

Niliwaomba wapite nyumbani ili watoto waliage gari, na Houéfa alitoka hadi kizingitini, mahali ambapo eda inamruhusu. Mama yake Théophile alimtazama kwa muda, mjane kwa mjane. Houéfa alirudi ndani akatoka na ule mto mdogo wenye kamba. Alisema ni wa gari, si wetu, uende na gari. Théophile akaufunga kwenye kiti chake. Watoto waligusa boneti mmoja mmoja. Yule mdogo aliuliza kama Babu atarudi Jumapili, akaambiwa hapana, sasa ana kazi Bohicon.

Walipoondoka, Théophile alikuwa anaendesha taratibu, ameisubiri gia ya pili kama nilivyomwambia. Mama yake alikuwa ameketi nyuma peke yake. Mpaka wanakata kona nilimwona mdomo wake unacheza na uso wake umegeukia upande wa pili wa kiti, kama mtu anayeongea na mwenzake wa safari.

Houéfa sasa anauza samaki, na watu wa sokoni wanasema ana tabia moja ya ajabu: mteja akichagua samaki ambaye barafu ilimwacha kidogo, humwambia amrudishe achukue mwingine. Mimi sijamuuliza kitu. Tossou bado yuko yadini, na bado ana ndugu wengi Gaboni. Novemba iliyopita padre aliposoma nia za marehemu, zilisomwa mbili zikifuatana, Sourou, na Kwa Babu, na nyuma yangu nikamsikia Houéfa akiitikia zote mbili.